Uzushi kundini: lipi liachwe, lipi liondolewe?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasimamizi wa makundi ya mtandaoni, na chache kwa watu waliotolewa kwenye makundi hayo. Zote zinauliza namna ya kushughulika na nadharia za njama bila kuwafunga watu midomo. Tumefupisha zilizokuwa ndefu na kuunganisha zilizofanana.

Nasimamia kundi la wapenda elimu ya anga lenye wanachama zaidi ya 600. Mmoja wao kila siku anabandika kwamba binadamu hakuwahi kukanyaga mwezini na kwamba wanasayansi wamelipwa wanyamaze. Nikifuta, anasema namnyang'anya uhuru wake wa maoni. Wasimamizi wenzangu wamegawanyika. Ana haki hiyo au hana?

Haki ipo, ila anaidai kwa mtu asiyehusika. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 kinaibana dola. Serikali ndiyo isiyopaswa kumzuia mtu kusema, isipokuwa kwa sheria iliyo wazi, kwa sababu chache zilizotajwa humo, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Kundi la hiari si dola. Wanachama wake nao wana uhuru wa kujumuika kwa masharti waliyokubaliana, na anayetolewa anaweza kufungua kundi lake saa hiyo hiyo.

Lakini jibu hilo la kisheria halitoshi kuendeshea kundi. Wasimamizi wengi hulitumia kama rungu: hapa si serikalini, nafuta nitakacho. Kundi la namna hiyo huwapoteza kwanza watu makini, wakabaki waliojifunza kumpendeza msimamizi. Kufuta kimyakimya pia humpa mzushi ushahidi ambao hakuwa nao, kwa kuwa sasa anaweza kuonyesha kwamba kweli kuna kinachofichwa.

Kwa hiyo dai la mwezini msilifute. Halimdhuru mtu, linahusu mada ya kundi lenu, na linaweza kupimwa. Andikeni jibu moja lililokamilika. Wanaanga 12 walitembea mwezini kati ya 1969 na 1972. Safari hizo zilirudi na takriban kilo 382 za mawe na vumbi, na sampuli zake zimechunguzwa na maabara za nchi mbalimbali. Vioo vilivyoachwa na safari za Apollo 11, 14 na 15 vingali vinarudisha miale ya leza inayorushwa kutoka duniani. Tangu 2009 chombo cha LRO kinachozunguka mwezi kimepiga picha za sehemu walizotua, na njia walizopita kwa miguu zinaonekana. Jibu hilo libandikwe juu ya kundi, na kila anayeuliza aelekezwe huko.

Kinachowachosha watu wenu ni kurudiwarudiwa kwa dai, na hilo lina kanuni yake: dai moja, uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa majibu chini ya bandiko moja. Mwenye jambo jipya, yaani hati, picha au hesabu ambayo haijajibiwa, aliweke katika uzi huo. Anayelirudia nje ya uzi, bandiko lake lihamishwe, na sababu itajwe kuwa ni kurudia. Kanuni hiyo impate pia anayerudia jambo la kweli. Tunaisisitiza kwa sababu marudio yenyewe yana nguvu: utafiti wa Hasher, Goldstein na Toppino wa mwaka 1977 ulionyesha kwamba sentensi iliyosikika mara kadhaa huonekana ya kweli zaidi, iwe ni ya kweli au ya uongo. Mkidhibiti marudio mnapunguza nguvu hiyo, na hakuna aliyezuiwa kuamini anachoamini.

Katika kundi letu la wakazi, mtu ameweka picha na jina la mwenye duka akidai ni wakala wa mtandao wa kuiba watoto. Wapo wanaosema aachwe aseme, kwani ikiwa ni kweli tutakuwa tumewaficha wahalifu. Tufanyeje?

Liondoeni kwanza, mjadala ufuate baadaye.

Kabla ya kufuta, pigeni picha ya skrini inayoonyesha maneno, saa, na akaunti iliyobandika, kwa kuwa huenda polisi au mwenye duka mwenyewe akaihitaji. Futeni kwa watu wote, si kwenye simu yenu tu. Kisha wekeni tangazo lisilotaja jina wala tuhuma: "Bandiko lililomtuhumu mtu kwa jina na picha limeondolewa. Mwenye taarifa ya uhalifu aipeleke polisi. Aliyekwisha kulisambaza alifute huko alikolipeleka na kuwaambia aliowatumia." Makosa mengi hutokea hapa. Msimamizi kwa nia njema huandika kwamba si kweli fulani anaiba watoto, na wasioliona bandiko la kwanza wanalipata jina kupitia kanusho. Mwenye duka naye ajulishwe faraghani, maana yeye ndiye atakayekutana na watu mlangoni. Yakianza maneno ya "twendeni tukamtoe", pigieni polisi simu papo hapo na mwape picha ile ya skrini.

Haraka hii ina sababu. Mwaka 2018 uvumi wa wezi wa watoto ulienea India kwa njia ya WhatsApp, na tarehe 1 Julai, katika kijiji cha Rainpada jimboni Maharashtra, umati uliwaua wanaume watano ambao walikuwa wapita njia tu. Desemba 2016 mtu mmoja aliingia na bunduki katika mkahawa wa Comet Ping Pong mjini Washington na kufyatua risasi. Alikuwa amesoma mtandaoni kwamba watoto wanafungiwa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Mkahawa huo hauna chumba cha chini. Baada ya shambulio la shule ya Sandy Hook mwaka 2012, ambapo watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa, mtangazaji Alex Jones alieneza kwamba tukio zima lilikuwa maigizo. Wazazi waliozika watoto wao walifuatwa, wakatishwa na kuitwa waigizaji kwa miaka. Oktoba 2022 jopo la mahakama jimboni Connecticut liliamua walipwe fidia ya takriban dola milioni 965, na hiyo ni Marekani, nchi inayolinda maneno kuliko nyingi.

Kutokana na visa kama hivi, kipimo tunachokipendekeza hakianzi na swali la kama dai ni la kweli. Msimamizi hana uwezo wa kuchunguza kila jambo chini ya jua. Aanze kwa kuangalia nani anaguswa. Dai kuhusu serikali, kampuni, shirika au historia liachwe na lijibiwe, hata likiwa la ajabu, kwa kuwa vyombo vyenye nguvu vinaweza kujitetea na ni lazima vihojiwe. Dai linalomtuhumu mtu wa kawaida anayetambulika, kwa jina, picha, namba ya gari au mahali anapokaa, liondolewe mpaka uwepo ushahidi uliopelekwa mahali panapostahili. Dai linaloambatana na agizo la kutenda, kama vile kuchoma, kufuata, kupiga au kuacha dawa, liondolewe bila kumtazama mlengwa ni nani. Mwaka 2020 minara ya simu ilichomwa moto Uingereza kwa imani kwamba 5G inaleta ugonjwa, na mafundi waliokuwa kazini walitishwa. Dai lilihusu teknolojia, lakini mara lilipopata agizo liliishia kwa fundi aliye juu ya ngazi.

Mtu akiandika "hawa washughulikiwe", nitajuaje kama ni hasira tu au ni uchochezi?

Umoja wa Mataifa una kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya swali hilo. Kinaitwa Mpango wa Rabat, wa mwaka 2012, na kinataka mambo sita yatazamwe pamoja: hali ilivyo wakati huo, cheo na ushawishi wa msemaji, nia yake, maneno yenyewe na mtindo wake, yamewafikia watu wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea kweli. Kiliandikwa kwa ajili ya makosa ya jinai, ambayo kizingiti chake ni cha juu, na kundi linaweza kuchukua hatua mapema zaidi. Lakini maswali yake yanafaa popote.

Chukua maneno hayo mawili uliyoyaandika. Yakitoka kwa mwanachama aliyekasirishwa na huduma mbovu ya kampuni, katika siku tulivu, ni hasira. Maneno hayohayo yakitoka kwa kiongozi anayesikilizwa, siku ambayo tayari kuna mapigano, yakielekezwa kwa watu wa kabila au dini fulani, yana uzito mwingine kabisa. Redio RTLM ya Rwanda mwaka 1994 haikuishia kuwatukana Watutsi. Ilitaja watu kwa majina na mahali walipo huku mauaji yakiendelea. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wahusika wa redio hiyo mwaka 2003. Lugha yake ilijaa mafumbo, na wasikilizaji waliyaelewa barabara. Ndiyo maana msimamizi lazima ajue lugha ya mahali na misimu ya watu wake. Orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku haisaidii. Itamnasa anayelalamika kwa ukali na kumwachia anayeua kwa mafumbo.

Ukibaki na shaka, angalia majibu yaliyo chini ya bandiko. Watu wakianza kuulizana saa ngapi na wapi, shaka imekwisha.

Tunataka kuandika kanuni za kundi. Tuandike nini, na adhabu ziwe zipi?

Andikeni fupi, na kabla ya mgogoro. Kanuni iliyoandikwa usiku wa ugomvi humlenga mtu mmoja na kila mtu atalijua hilo. Kosa la pili la kawaida ni neno "upotoshaji" lisilo na maelezo: linaonekana zito, lakini kila msimamizi atalisoma kwa namna yake. Kosa la tatu ni kupiga marufuku "siasa", ambako huzima malalamiko halali na kuacha kejeli zikiendelea kwa jina la utani.

Mfano unaoweza kuanzia nao ni huu: "Unaweza kutilia shaka taarifa yoyote na kuikosoa taasisi yoyote. Huruhusiwi kumtuhumu mtu wa kawaida uhalifu kwa kumtambulisha. Huruhusiwi kuita watu kwenye vurugu wala kuwashauri waache matibabu. Taarifa ya dharura iwe na chanzo, tarehe na mahali. Dai moja lijadiliwe katika uzi mmoja." Sentensi tano zinatosha. Kila inayoongezwa ijibu kwanza swali hili: inazuia madhara gani ambayo hizi hazizuii?

Kuhusu adhabu, hatua zijulikane na zifuatane. Mara ya kwanza ni onyo la faraghani linalonukuu bandiko na kutaja kanuni. Mara ya pili, kuzuiwa kubandika kwa siku 7. Mara ya tatu, siku 30. Ya nne, kutolewa. Mwenye kuita vurugu au kufichua anwani ya mtu ili adhuriwe asipewe ngazi hizo, atolewe siku hiyo. Kuweni na wasimamizi watatu au watano, idadi isiyogawanyika sawa, na aliyeamua asisikilize rufaa ya uamuzi wake. Rufaa ijibiwe ndani ya saa 72. Msimamizi aliyekuwa anabishana katika uzi asifute chochote katika uzi huo, amwite mwenzake. Kanuni hii moja huzuia malalamiko mengi kuliko nyingine zote.

Wekeni daftari, hata jedwali dogo tu lenye tarehe, nakala ya bandiko, kanuni iliyovunjwa, hatua na jina la aliyeichukua. Kila mwezi tangazeni idadi: yameondolewa mangapi, kwa kanuni ipi, rufaa ngapi zimekubaliwa. Kanuni za Santa Clara, zilizotolewa mwaka 2018 na watetezi wa haki za mtandaoni, ziliyataka majukwaa makubwa yafanye mambo hayohayo matatu: kutoa idadi, kutoa taarifa kwa aliyefutiwa, na kutoa nafasi ya rufaa. Kundi dogo linaweza kuyafanya kwa urahisi zaidi. Daftari pia hufichua upendeleo. Mkiona kwamba watu wa upande mmoja wanaonywa na wa upande wa pili wanatolewa kwa kosa lilelile, rekebisheni mara moja.

Anayesema "mimi nauliza tu" ana kosa gani?

Hana, ikiwa atasoma jibu. Swali linalotaja jina la mtu pamoja na uhalifu ni tuhuma, hata likiwa na alama ya kuuliza, na lihukumiwe kama tuhuma. Na swali lililojibiwa kwa ushahidi, likaulizwa tena na mtu yuleyule bila kugusa ushahidi huo, liingie chini ya kanuni ya marudio.

Njama nyingine zilikuwa za kweli. Mnapotushauri tuzidhibiti, hamtusaidii kuwalinda waongo wenye vyeo?

Hofu yako ina msingi, na ndiyo sababu hatushauri kanuni inayosema "nadharia za njama haziruhusiwi". Idara ya afya ya umma ya Marekani iliendesha utafiti huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972. Wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, pamoja na wengine 201 wasio na ugonjwa. Hawakuambiwa ukweli, na hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida kufikia 1947 hawakupewa. Peter Buxtun, mfanyakazi wa idara hiyohiyo, alilalamika ndani kwa miaka bila kusikilizwa, kisha akampa mwandishi wa habari nyaraka, na Julai 1972 dunia ikajua. Kanuni ya kufuta kila njama ingemfuta yeye.

Basi tazama Tuskegee ilivyokuwa. Ilikuwa na mahali, miaka, idara na idadi ya watu. Ilikuwa na karatasi, na hata matokeo ya utafiti yalikuwa yakichapishwa katika majarida ya kitabibu tangu 1936. Mtu angeweza kuonyesha kwamba dai si kweli kwa kuonyesha kwamba wagonjwa walitibiwa. Halafu dai lilikuwa na mipaka: idara moja ilifanya jambo moja baya, kwa watu waliojulikana.

Linganisha na maandishi yanayoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, yaliyochapishwa Urusi mwaka 1903 yakidai kwamba Wayahudi wanapanga kutawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London liliweka aya zake kando ya kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864 kisichowataja Wayahudi kabisa, ikaonekana zimenakiliwa. Kwa dai lenye mipaka huo ungekuwa mwisho. Waumini wake waliendelea kuyachapa, na Wanazi wakayaeneza mashuleni.

Kwa hiyo muulize mleta dai: nani, wapi, lini, kwa hati gani? Kisha muulize ni kitu gani kikionekana atakubali amekosea. Mwenye dai la kweli hulijibu swali hili upesi, kwa kuwa analijua vizuri jambo lake. Dai ambalo kila pingamizi linaliongezea washiriki wapya, leo wanasayansi, kesho waandishi wa habari, keshokutwa na wewe unayeuliza, halina pa kupimiwa. Mtu anayeshika nyaraka msaidieni kuzificha alama zinazomtambulisha na mwelekezeni kwa waandishi wa habari wenye uzoefu wa uchunguzi. Kundi la watu mia sita si mahali salama pa kuzimwaga.

Nitahakikije picha au video kabla ya kuiacha kundini?

Anza na alama iliyo juu ya ujumbe. Katika WhatsApp mishale miwili ina maana kwamba ujumbe umepitia mikono mitano au zaidi tangu ulipotoka kwa mwenyewe, kwa hiyo aliyekutumia hawezi kuwa shahidi wa tukio. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa gumzo moja kwa wakati, na kampuni hiyo ilieleza kwamba usambazaji wake ulipungua kwa asilimia 70. Ucheleweshaji huo mdogo ulisaidia bila kufuta neno la mtu yeyote. Jambo hilo linatutia moyo sana.

Kwa picha, ipakie kwenye Google Lens na kwenye TinEye, zana za kutafuta mahali picha ilipowahi kuonekana mtandaoni, maana kila moja huona isichokiona nyingine. Katika TinEye panga majibu kuanzia la zamani zaidi. Picha ya "jana" ikionekana mtandaoni miaka mitatu iliyopita, kazi imekwisha kwa dakika moja. Kwa video, isimamishe mahali panapoonekana vizuri, mwanzoni, katikati na mwisho, piga picha za skrini na uzitafute vilevile. Kata pembeni zenye maandishi yaliyoongezwa kwanza, kwa sababu huvuruga utafutaji. Halafu tazama vitu ambavyo mzushi husahau: lugha ya mabango, upande wa barabara magari yanakopita, sare, kivuli na hali ya hewa.

Mwisho tafuta toleo refu. Mojawapo ya video zilizochochea mauaji ya India ilionyesha watu wa pikipiki wakimnyakua mtoto. Ilikuwa imekatwa kutoka tangazo la usalama wa watoto lililotengenezwa Karachi, Pakistan, na sehemu iliyoondolewa ndiyo ile ambamo mtoto anarudishwa na ujumbe kuonyeshwa. Video haikughushiwa. Ilifupishwa tu. Usipopata lolote ndani ya nusu saa, andika chini yake kwamba haijathibitishwa na uitaje sababu. Kutokuipata mtandaoni hakuthibitishi kwamba ni ya kweli.

Baba yetu mdogo anatuma kila siku katika kundi la familia kwamba chanjo zina vidude vya kufuatilia watu. Sisi ni wadogo kwake, kumkosoa mbele ya wanawe ni kumvunjia heshima. Nianzeje?

Usimjibu kundini. Mpigie, msalimie kama kawaida, kisha muulize kwa nia ya kujua: "Baba, ile sauti uliyotuma jana, ni jambo gani hasa ndani yake lililokushawishi?" Usikimbilie kukanusha. Jibu lake ndilo litakalokuambia useme nini, kwa sababu huenda hofu yake haihusu kidude hata kidogo, bali namna hospitali fulani ilivyowahi kumtendea.

Ukishajua, mjibu jambo lile lile alilolitaja, kwa mambo mahususi. Kifaa kinachotangaza mahali kilipo kinahitaji betri, antena na redio ya kurusha ishara, na tundu la sindano ya chanjo ya msulini halifiki nusu milimita. Simu iliyo mfukoni mwake ina vyote vitatu. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti ambamo watu zaidi ya 2,000 walizungumza na programu ya akili mnemba kuhusu njama waliyoiamini. Imani yao ilishuka kwa takriban asilimia 20, na miezi miwili baadaye ilikuwa haijarudi. Kilichofanya kazi ni kujibiwa ushahidi wao wenyewe, kimoja baada ya kingine. Mtu habadiliki kwa kuhutubiwa.

Wengine watakuonya kwamba ukimsahihisha ataamini zaidi. Watafiti Wood na Porter walilipima hilo kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, matokeo yakachapishwa mwaka 2019, na hawakuliona likitokea ila kwa nadra mno. Masahihisho husaidia. Kinachoharibu ni kumwaibisha, maana hapo atatetea heshima yake badala ya hoja. Mwachie njia ya kurudi nyuma: mwombe awe anakutumia wewe kwanza zile sauti, mzichunguze pamoja kabla hazijaingia kundini. Tegemea kulirudia zungumzo hili mara kadhaa.

Mwanachama akibandika uzushi, mimi msimamizi naweza kushtakiwa?

Inategemea nchi, na kwa kesi halisi muone wakili wa mahali ulipo. Yapo mambo ya jumla unayoweza kuyashika. Marekani, kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 huwakinga waendeshaji wa majukwaa kwa maneno ya watumiaji katika mashauri mengi ya madai. India, Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2021 na ya Kerala mwaka 2022 ziliamua kwamba msimamizi wa kundi la WhatsApp habebi kosa la mwanachama kwa kuwa msimamizi tu. Ulaya ni kali zaidi. Katika kesi ya Sanchez dhidi ya Ufaransa, iliyoamuliwa mwaka 2023, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali kwamba mwanasiasa atozwe faini kwa kuacha maoni ya chuki ya watu wengine kwenye ukurasa wake wa Facebook.

Hukumu zinazowaelemea wenye kurasa zina kitu kimoja: mtu alijua, au alipaswa kujua, akaacha. Kwa hiyo ukipata malalamiko, andika saa uliyoyapata na saa uliyochukua hatua. Usiweke alama ya kupenda wala kusambaza bandiko unalolichunguza. Kwenye kashfa, kuongeza "wanasema" au "nimetumiwa" hakukukingi, kwa kuwa anayerudia tuhuma huhesabiwa kuwa ameichapisha tena.

Nilitolewa kundini kwa kuhoji takwimu za shirika moja. Sikupewa sababu. Nifanye nini?

Kuhoji takwimu ni kazi halali, na kama mambo ni hivyo umeonewa. Mwandikie msimamizi ambaye hakuhusika, ujumbe mmoja, bila tusi. Nukuu maneno yako kamili kama yalivyokuwa, taja tarehe, uliza kanuni ipi imevunjwa, na sema unachotaka: urudishwe, au maneno yarudishwe, au upewe sababu kwa maandishi. Wape siku tatu. Usifungue akaunti ya pili kuingia kinyemela, maana utakuwa umevunja kanuni ambayo hukuivunja mwanzo na rufaa yako itafia hapo. Usirushe picha za mazungumzo ya wanachama wengine ili kujitetea, hao hawakukukosea.

Aliyekufungia akiwa ni jukwaa lenyewe, tumia fomu yake ya rufaa kabla ya muda wake kupita. Katika Umoja wa Ulaya sheria ya huduma za kidijitali ya mwaka 2022 inayataka majukwaa yatoe sababu za kufuta au kufungia, na yale yasiyo madogo yapokee malalamiko bure kwa miezi 6. Katika fomu eleza muktadha ambao mashine haikuuona: kwamba ulikuwa unanukuu ili ukosoe, au kwamba takwimu unazozihoji zipo wazi kwa umma, na uweke kiungo chake.